Tangi la stenlesi limeshika kutu: nimeuziwa feki?

Swali. Nina kiwanda kidogo cha mtindi hapa Moshi. Mwaka jana nilimpa fundi wa Arusha kazi ya kunitengenezea tangi la lita 500, tukakubaliana iwe stenlesi ya 304. Sasa pembeni ya mishono kuna mistari ya kahawia. Chini kabisa, karibu na bomba la kutolea maziwa, kuna vidoti vya kutu. Nikisugua kwa stilwaya vinatoka, siku chache baadaye vinarudi. Jirani alileta sumaku: kwenye ubavu haikunata, kwenye mkunjo wa chini ikanata kidogo. Kila jioni tunaosha tangi na kuacha maji ya klorini ndani hadi asubuhi ili kuua vijidudu. Fundi anaapa kwamba shiti ni halisi. Nimwamini? Na kama stenlesi hutengenezwa ili isishike kutu, imekuwaje?

Jibu. Dada yangu, usimwite fundi mwizi bado. Kwa maelezo yako inawezekana kabisa shiti ni 304 kama anavyoapa, na kutu ya kwenye mishono bado ikawa kazi ya mikono yake. Vidoti vya chini vina sababu nyingine, nayo ni hayo maji ya klorini yanayolala tangini usiku kucha, pamoja na stilwaya unayosugulia. Sumaku ya jirani haikuthibitisha lolote. Tangi lenyewe, likiwahiwa, linatengenezeka.

Nitaanzia kiwandani, kwa kuwa umeuliza imekuwaje. Ukishajua shiti inapitishwa wapi kabla ya kufika dukani, utaona mwenyewe ni hatua gani iliyorukwa karakana.

Kinachozuia kutu kwenye stenlesi ni kromu. Ili chuma kihesabiwe stenlesi, kromu lazima iwe angalau asilimia 10.5 ya uzito wake; 304, ambayo ni namba ya aina mojawapo ya stenlesi, ina kama 18, pamoja na nikeli kama 8. Kromu iliyo juu ya uso hushikana na oksijeni ya hewani au ya majini, ikatandaza utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu, yaani sehemu chache za milioni ya milimita. Utando huo huuoni kwa macho. Ni ngozi ya stenlesi: ukiukwaruza kwa kisu, unajifunga upya papo hapo. Ila unajifunga kwa masharti. Oksijeni iwepo. Kromu iwe ya kutosha palepale juu ya uso, maana wastani wa shiti nzima hausaidii kitu. Na pasiwe na kinachoutoboa kwa kasi kuliko unavyojirudi. Tangi lako limevunja sharti la pili kwenye mishono, na la tatu kule chini.

Mfaransa Pierre Berthier aliona mwaka 1821 kwamba chuma chenye kromu kinastahimili baadhi ya asidi, lakini chuma chake kilikuwa na kaboni nyingi na kilivunjika ovyo, hakikufaa kwa kazi. Ilipita karibu karne nzima. Tarehe 13 Agosti 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley aliyeyusha chuma chenye kromu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika haraka. Alichopata kikaishia kwenye visu vya mezani, kwa kuwa Sheffield ni mji wa visu. Ujerumani nako, kwenye kampuni ya Krupp mjini Essen, Benno Strauss na Eduard Maurer walikuwa wameongeza nikeli kwenye mchanganyiko, na hataza yake iliombwa mwaka 1912. Hicho cha Wajerumani ndicho babu wa tangi lako. Nikeli hubadili mpangilio wa atomi, chuma kikawa chepesi kukunja, kisichopasuka kwenye baridi kali, na kisichovutwa na sumaku.

Sasa iangalie hiyo kaboni, maana ndiyo inayosumbua tangu siku za Berthier hadi kwenye mshono wa tangi lako. Kaboni inaipenda kromu. Chuma kikiwa cha moto inaikamata na kuifanya kabaidi, na kromu iliyokamatwa hivyo haitandazi tena utando. Stenlesi nzuri, kwa hiyo, inatakiwa kuwa na kaboni kidogo sana. Shida ni kwamba kromu hufika kiwandani tayari ikiwa na kaboni. Mawe ya kromaiti, ambayo Afrika Kusini inaongoza duniani kwa kuyachimba, huyeyushwa pamoja na makaa ya koki na kutoa ferokromu, na ferokromu ya kawaida huwa na kaboni ya asilimia 6 hadi 8. Hiyo, pamoja na nikeli na vyuma chakavu vya stenlesi, huingizwa kwenye tanuri la umeme lenye nguzo nene za grafaiti. Umeme ukiruka kati ya nguzo na chuma, kila kitu kinayeyuka kwenye joto la nyuzi 1,600 hivi. (Nikeli ipo hata kwetu, Kabanga wilayani Ngara, siku itakapoanza kuyeyushwa humu nchini nitafurahi kuliko ninavyoweza kueleza.)

Kinachopatikana hapo ni chuma cha maji chenye kromu ya kutosha na kaboni iliyozidi. Mtu atasema, si wapulizie oksijeni kaboni iungue? Itaungua, lakini kromu nayo itaungua na kuelea juu pamoja na takataka, na kromu ni mali. Kwa miaka mingi viwanda vililazimika kununua ferokromu iliyosafishwa kaboni, ghali mno, na stenlesi ikabaki kitu cha wenye fedha.

Aliyefungua njia ni William Krivsky wa kampuni ya Union Carbide ya Marekani. Mwaka 1954, katika majaribio ya maabara, aliona kwamba oksijeni ikichanganywa na argoni, gesi isiyoungana na kitu chochote, kaboni inaungua na kromu inabaki. Sababu yake inapendeza. Kaboni hutoka kwenye chuma ikiwa gesi ya monoksaidi, ndani ya mapovu. Povu likijaa gesi hiyo, hakuna nafasi ya nyingine kuingia, hivyo oksijeni inageukia kromu. Argoni inalizimua povu. Gesi ya kaboni inapata pa kutokea, na oksijeni inaendelea kuitafuta kaboni badala ya kuila kromu. Mwanzoni wanapuliza oksijeni nyingi na argoni kidogo, kama tatu kwa moja. Kadiri kaboni inavyopungua wanageuza, argoni ndiyo inakuwa nyingi. Mwishoni wanatupia ferosilikoni na chokaa ili kurudisha kromu kidogo iliyokwisha kukimbilia kwenye takataka. Mtambo wa kwanza wa kibiashara ulianza kazi mwaka 1968 kwenye kiwanda cha Joslyn mjini Fort Wayne, Indiana, na leo sehemu kubwa ya stenlesi duniani hupitia njia hiyo. Kwa sababu yake, kaboni ya chini ya asilimia 0.03 imekuwa jambo la kawaida. Ukiona herufi L baada ya namba, 304L au 316L, ina maana hiyo: kaboni kidogo, chuma kinachovumilia kuchomelewa.

Baada ya hapo chuma kinamwagwa kwenye mtambo unaokigandisha mfululizo kuwa mabamba yenye unene wa sentimita 20 hivi. Mabamba yanapashwa moto tena na kupitishwa kwenye rola mpaka yanakuwa ya milimita chache. Yanatoka meusi, yamejaa magamba ya moto. Hapo ndipo pa kutulia, dada, kwa sababu jibu la swali lako liko hapa. Magamba hayo yametengenezwa kwa kromu iliyonyonywa kutoka kwenye chuma kilicho chini yake. Chini ya gamba pana tabaka jembamba lililofilisika kromu. Kiwanda hakiuzi shiti katika hali hiyo. Wanaipasha moto kwa kipimo, kama nyuzi 1,050 kwa 304, kisha wanaichovya kwenye bafu la asidi ya naitriki iliyochanganywa na asidi ya hidrofloriki. Asidi inakula gamba, inakula na lile tabaka lililofilisika, mpaka inafika kwenye chuma chenye kromu kamili. Ngozi inayojifunga hapo ni nzima. Halafu inapitishwa tena kwenye rola za baridi ipate ulaini na unene unaotakiwa, na ikipashwa moto tena mahali penye hewa, inarudi tena kwenye asidi. Kila baada ya moto, asidi. Kiwanda chenye heshima yake hakiruki hatua hiyo.

Sasa njoo karakana, Unga Limited, Majengo au popote tangi lilipotengenezewa. Fundi amepokea shiti safi. Ameikata, ameikunja, ameiunganisha kwa moto. Simama karibu na mshono mpya wa stenlesi uutazame kabla haujaguswa. Katikati kuna mgongo wa chuma kilichoganda, na kila upande wake kuna mistari ya rangi iliyofuatana: ya majani makavu, kahawia, zambarau, na buluu iliyokolea pale palipoungua zaidi. Wateja wengi wanaiona nzuri, na wapo mafundi wanaoiacha kama pambo. Kila rangi hapo ni gamba la moto, na chini yake kuna kromu iliyopungua. Ni ugonjwa uleule ambao kiwanda kimeuosha kwa asidi, umerudishwa kwa upana wa vidole viwili kuzunguka tangi zima. Fundi akimaliza anapitisha grenda, anafuta kwa kitambaa, anakupigia simu uje uchukue. Moto umepita, asidi haikupita. Mistari yako ya kahawia inafuata mishono kwa sababu hiyo.

Ndani huwa pabaya zaidi. Kama alichomelea kwa nje bila kupeleka argoni upande wa ndani, mgongo wa nyuma wa mshono unaota ukoko mweusi wenye mashimo. Ingiza mkono, pitisha kidole juu ya mshono kwa ndani. Ukihisi chembechembe zinazokwaruza, maziwa yanaingia humo, yanakaa, yanachachia humo, na hakuna brashi inayoyafikia. Kwa kiwanda cha maziwa hilo linanitisha kuliko kutu yenyewe, kwa sababu kutu unaiona, vijidudu huvioni.

Wapo watakaokueleza kuhusu kabaidi za kromu, kwamba chuma kikikaa kati ya nyuzi 450 na 850 kaboni inaikamata kromu kwenye mipaka ya chembe za chuma, na mshono unaoza pembeni. Ni kweli, na ndiyo maana ya ile herufi L. Lakini kwa shiti ya milimita 1.5 au 2, mshono hupoa haraka, muda wa kabaidi kujijenga hautoshi. Kwako ningemshuku kwanza gamba la moto.

Mshukiwa wa pili wa karakana ni chuma cha kawaida. Karakana zetu nyingi zinatengeneza mageti na stenlesi kwenye meza moja. Jiwe la grenda lililokata nondo asubuhi likisugua stenlesi mchana, linapachika vumbi la chuma cha kawaida kwenye uso. Vumbi hilo likipata maji linashika kutu, na ukiliangalia unadhani ni tangi linalooza. Brashi ya waya ya chuma hufanya hivyohivyo. Na stilwaya yako, dada, hufanya hivyohivyo kila unaposugua. Unaondoa kutu ya leo na kupanda ya wiki ijayo. Iweke mbali na tangi kuanzia leo. Tumia sponji, brashi ya nailoni, au ile wavu ya plastiki.

Tukienda chini kwenye bomba, habari inabadilika. Vidoti vinavyokaa mahali maji yanapotuama ni dalili ya kloraidi. Dawa ya klorini, Jik na nyinginezo za aina hiyo, ina haipokloraiti ya sodiamu, na ikifanya kazi yake inaacha kloraidi, ambayo ndiyo adui mkubwa wa stenlesi. Inapenya utando kwenye sehemu dhaifu, inachimba kishimo kidogo. Ndani ya kishimo oksijeni haifiki, ngozi haiwezi kujifunga. Chuma kinachoyeyuka humo kinafanya maji ya kishimo kuwa asidi, asidi inayeyusha chuma zaidi, na kloraidi zaidi inavutwa ndani. Kishimo kikishaanza kinajiendesha chenyewe. Kwa nje unaona kidoti cha ukubwa wa kichwa cha pini. Kwa ndani kinaweza kuwa kimekaribia kutoboa shiti. Kutuama kunaongeza, joto linaongeza, na maji yakikauka pembeni yakaacha chumvi yake, inaongeza zaidi. Kama kipimo cha kukadiria tu, 304 inavumilia maji baridi yenye kloraidi hadi miligramu 200 hivi kwa lita, na 316, aina ya bei ya juu zaidi, hadi kama 1,000. Maji ya dawa ya usiku kucha yanaweza kuvuka cha kwanza kwa urahisi, hasa kama anayechanganya anapima kwa macho.

Katika kazi ya maziwa, dawa ya kuua vijidudu huwekwa tangini karibu na muda wa kulitumia. Usiku inakutunzia maji tu. Chochote kitakachoingia baada ya dawa kwisha nguvu kitazaana hadi asubuhi. Jioni suuza kwa maji ya uvuguvugu, osha kwa sabuni ya magadi ya kuoshea vyombo vya maziwa, ikiwa ya moto, suuza tena, fungua bomba, acha tangi likauke likiwa wazi kwa chini na limefunikwa juu. Ukavu huo unaipa ngozi oksijeni yake. Asubuhi, kabla ya kuweka maziwa, tumia maji ya moto ya zaidi ya nyuzi 80 kama unayo, na mimi napendelea hayo. Ukilazimika kutumia klorini, iwe ya baridi, miligramu 100 hadi 200 kwa lita, dakika 10 hivi, kisha uimwage yote na kusuuza kwa maji salama.

Kwa kuwa uko huku kwetu, najua litakalofuata: je, si floraidi ya maji? Maji ya sehemu nyingi za Arusha na kuzunguka Meru yana floraidi nyingi, meno ya watoto yanaonyesha. Lakini kwa miligramu chache kwa lita, kwenye maji yasiyo na asidi, floraidi haiishindi ngozi ya 304. Maji hayo ni tatizo la meno na mifupa, tangi lako hayalihusu.

Nije kwenye sumaku. 304 inapotoka kiwandani haivutwi, lakini ikikunjwa au kugongwa ikiwa baridi, sehemu ya atomi zake hujipanga upya, na hapo sumaku inanata kidogo. Mkunjo wa chini wa tangi lako umefanyiwa hivyo, na ubavu umebaki kimya. Hiyo ni tabia ya kawaida ya 304. Kwa upande mwingine, kuna 430, stenlesi halali yenye kromu 16 hadi 18 bila nikeli, na sumaku inainata barabara. Utaikuta kwenye masinki na vyombo vya jikoni. Na kuna 201, ambayo inanipa wasiwasi zaidi. Nikeli ni ghali, hivyo kwenye 201 wamepunguza nikeli hadi 3.5 mpaka 5.5 na kujazia kwa manganizi na naitrojeni. Inang'aa sawa na 304, hainati sumaku sawa na 304, na kutu inaiingia mapema zaidi. Kwenye matusi ya ngazi ndani ya nyumba haina ubaya. Kwenye chombo cha chakula kinachooshwa kila siku kwa dawa, siipendekezi hata kidogo. Anayepima stenlesi kwa sumaku anaipitisha 201 na kuikataa 430, na pengine akaikataa 304 iliyokunjwa.

Kipimo chenye maana kidogo ni matone ya kupimia manganizi: tone moja juu ya shiti, betri ndogo ya volti tisa, na rangi ikigeuka nyekundu ni 201. Wauzaji wa shiti walio makini huwa nayo. Kilicho bora zaidi ni kifaa cha eksirei cha kushika mkononi, kinachosoma kromu, nikeli na manganizi kwa sekunde chache. Wanunuzi wakubwa wa chakavu na kampuni za ukaguzi wa mitambo huwa navyo. Waulize pia wahandisi wa TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo, pale Njiro, Arusha, au SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani kwako, wakuelekeze pa kupimisha. Na mwambie fundi akuonyeshe cheti cha kiwanda kilichotengeneza shiti, chenye namba ya myeyusho inayolingana na iliyochapwa kwenye shiti au lebo yake. Mabaki ya shiti yako huenda bado yapo karakana, yamesimama ukutani na namba yake.

Unene nao hupunjwa, na huo unaweza kuupima kwa mizani. Shiti ya 304 ya futi nne kwa nane, milimita 1.5, ina uzito wa kilo 35 na kidogo. Ikiwa kilo 28, umepewa 1.2.

Kulitengeneza tangi, mrudishie fundi na usimame naye. Kwanza ukoko wa ndani na rangi zote za moto ziondolewe kwa diski za msasa mpya ambazo hazijagusa chuma cha kawaida, wakianza na wa kukwaruza na kumaliza na wa namba 180 au laini zaidi. Viwanda vya maziwa vinataka ukwaruzo wa ndani usizidi mikromita 0.8, huwezi kuupima kwa kidole, lakini kidole kinatosha kukataa kazi mbaya. Palipo na mashimo pachimbwe na kuchomelewa upya kwa TIG (uchomeleaji wa umeme unaokingwa kwa argoni), rodi ya 308L, argoni ikipita pande zote mbili. Vishimo vya chini vikaguliwe kwa tochi. Kikiwa kirefu, kipande hicho kikatwe na kuwekwa kipya, na hapohapo chini papewe mteremko ili maji yasibaki kwenye bomba.

Kisha ndiyo zamu ya asidi, ile hatua iliyorukwa. Yapo malai mazito ya asidi ya kupaka yanayouzwa kwa kazi hii, yenye naitriki na hidrofloriki. Yanafanya kazi nzuri sana, na hidrofloriki ikimgusa mtu inapenya ngozi hadi mfupani bila maumivu makali mwanzoni, imeua watu. Fundi asiye na mafunzo, glavu zinazofaa, ngao ya uso na jeli ya kalsiamu glukoneti pembeni asiyaguse. Kwa tangi lililokwisha kusuguliwa hadi rangi zote zikaondoka, ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, inatosha. Gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya nyuzi 50 hadi 60, lowesha vitambaa, vibandike juu ya mishono na sehemu zote zilizosuguliwa kwa dakika 20 au zaidi bila kukauka, halafu suuza kwa maji mengi. Asidi hiyo inayeyusha vumbi la chuma lililopachikwa na kuiachia kromu nafasi ya kutandaza ngozi yake. Jambo moja ulishike sana: klorini na asidi zisikutane kamwe, hata kwenye ndoo moja. Hutoka gesi ya sumu, na ndani ya tangi mtu hana pa kukimbilia.

Kabla ya kulipokea, lowesha ndani yote kwa maji safi, acha likauke, rudia, lilale hadi kesho yake. Chuma cha kawaida kilichobaki kitajionyesha kwa kutu. Mrututu, ule wa buluu wanaoujua wakulima wa kahawa, unaonyesha haraka zaidi, kwa kuwa shaba yake inaganda ikiwa ya wekundu pale penye chuma huru; ila ni sumu, uishie kwenye miguu na nje ya tangi.

Pengine unajiuliza kama ungechukua 316. Ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3, inaistahimili kloraidi vizuri zaidi, na bei yake iko juu. Kwa maziwa na mtindi 304 inatosha kabisa. Asidi ya mtindi haiisumbui. Siku ukianza jibini ya kulowekwa kwenye maji ya chumvi, chombo cha hayo maji kiwe 316L, na hapo usikubali kupunguziwa. Viwanda vya bia vinatumia matangi ya 304 kwa wingi. Viwanda vya sukari, kama kile cha TPC hapo kusini mwa mji wenu, ni aina ya viwanda ambako mabomba ya kuchemshia juisi ya miwa yanaweza kuwa ya aina za bei nafuu zisizo na nikeli, kwa kuwa joto na msuguano ndio mzigo mkubwa. Ekzosi za magari ni 409, kromu 11 hivi tu, na zinatimiza kazi yake zikiwa na rangi ya kutu kwa nje. Kila kazi ina namba yake, na anayekuuzia anapaswa kuitaja na kuiandika.

Kwenye risiti yako sasa imeandikwa nini? Kama ni "stenlesi" peke yake, mwambie fundi aandike upya: 304 au 304L, unene, TIG yenye argoni pande zote mbili, mishono ya ndani imesuguliwa na kuoshwa kwa asidi. Shiti ikipimwa ikaonekana ni 304, gharama ya kurekebisha mishono ni yake, na vishimo vya klorini mzungumze kwa uungwana kwa kuwa hivyo vimetoka kwako. Matone yakigeuka mekundu, usikubali matengenezo. Dai tangi jipya.